Mwongozo ni wa wiki 24, wewe una 16: jinsi ya kuutumia kwa mbio zako za kwanza za kilomita 50

Swali: Kocha, nina miaka 37 na nimeshamaliza marathoni mbili, ile bora kwa saa 4 na dakika 20. Sasa nimejiandikisha kwa mbio za kilomita 50 za njia za milimani. Jumla ya kupanda ni mita 1,800 na ukomo wa muda ni saa 10. Nimepata mwongozo wa mazoezi wa wiki 24, siku sita kwa wiki, lakini mimi nimebakiwa na wiki 16, na kwa kazi na watoto wawili naweza siku nne tu. Kwa sasa nakimbia kama kilomita 40 kwa wiki, na siku ya mbio ndefu nafika 20. Je, nianzie wiki ya 9? Nikikosa siku, niifidie vipi? Halafu mbio ndefu kuliko zote kwenye mwongozo ni kilomita 36. Nitajuaje kama naweza 50 wakati sijawahi kuzikimbia?

Jibu: Dada yangu, usianzie wiki ya 9. Najua hesabu inavutia: 24 ukitoa 16 zinabaki 8, basi unaruka nane na kuingia ya tisa. Lakini aliyeuandika mwongozo huo alimwandikia mtu aliyekwisha kuzipitia nane za mwanzo, na miguu yako haijazipitia. Moyo na mapafu huitikia mazoezi ndani ya wiki chache, ila kano na mifupa huhitaji miezi. Ndiyo maana mtu anayeruka hatua hujisikia vizuri kabisa kwa wiki tatu au nne, pumzi anayo, hamu anayo, kisha asubuhi moja anaamka na kisigino hakikanyagiki.

Fanya hivi. Tafuta kwenye mwongozo wiki ambayo jumla yake ya kilomita, pamoja na mbio yake ndefu, inalingana na kile ulichokwisha kukifanya kwa wiki tatu mfululizo bila kuchechemea. Kwa kilomita 40 na mbio ndefu ya 20, tuseme ni wiki ya 5. Hapo ndipo pako. Kisha nenda mwisho wa mwongozo, zitie alama wiki tatu za mwisho, zile za kupunguza mazoezi. Hizo hazikatwi. Kutoka wiki ya 5 hadi ya 24 ni wiki 20, na wewe una 16, kwa hiyo kuna nne za kutoa. Zitoe katikati, kwenye wiki zinazofanana, ambako mwongozo unaongeza kilomita mbili tatu tu kutoka wiki moja hadi nyingine.

Unachobaki nacho ni wiki 13 za kujenga na tatu za kupunguza. Zile 13 zipange kwa mafungu: wiki tatu unapanda, ya nne unashuka. Yaani wiki ya 4, ya 8 na ya 12 ni nyepesi, ukipunguza kilomita kwa theluthi moja hivi, na wiki ya 13 ndiyo kilele chako. Nasisitiza wiki nyepesi kwa sababu nimeona wengi wakibanwa na muda wanazikata hizo kwanza, kwani zinaonekana kama uvivu. Mbio zinauchosha mwili na kuuvunja kidogo. Kujengeka kunatokea baadaye, ukiwa umelala na umekula. Ukiondoa wiki nyepesi umeondoa sehemu ambayo faida inaingia, ukabaki na ile ya gharama.

Sasa siku sita kugeuka nne. Kilomita za siku mbili ulizoziacha usizirundike kwenye nne zilizobaki. Ziache ziende. Mtu wa siku nne anaweza kumaliza kilomita 50 vizuri kwa kilele cha kilomita 60 hadi 65 kwa wiki, ilimradi siku hizo nne ziwe na kazi tofauti. Ya kwanza ni mbio ndefu ya Jumamosi. Ya pili ni Jumapili, saa moja hadi saa moja na nusu kwa mwendo wa polepole, miguu ikiwa bado ina uchovu wa jana. Hii si lazima kila wiki, wiki moja ndiyo, moja hapana. Ya tatu ni vilima katikati ya wiki. Ya nne ni mbio nyepesi ya dakika 45 hadi 60, ambayo unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatika pumzi. Wiki ambayo Jumapili haina mbio, weka mbio nyingine nyepesi siku yoyote ya katikati. Kama unaweza kuiba dakika 20 mara mbili kwa wiki nyumbani, fanya mazoezi ya nguvu: kuchuchumaa kwa mguu mmoja, kupanda na kushuka ngazi ukiwa na mzigo mgongoni, kuinua visigino. Usipoweza kila wiki, usijilaumu.

Mbio ndefu ianze na 20 ulizonazo na ipande taratibu: 22, 25, wiki nyepesi 18, kisha 25, 28, 30 na kuendelea hadi 36 za wiki ya 13. Lakini ninakuomba uipime kwa saa kuliko kwa kilomita. Kilomita 30 za barabara ya tambarare na kilomita 30 za mlimani ni vitu viwili tofauti, na mwili wako hausomi vibao vya kilomita. Nikipanga mazoezi ya mtu wa kwanza naweka ukomo wa saa tano na nusu. Saa zikitimia umefika 31, umemaliza, rudi nyumbani.

Na hapa ndipo lilipo jibu la swali lako la mwisho, ambalo naona ndilo linalokunyima usingizi. Kwa nini mwongozo haukupeleki 50 kabla ya siku yenyewe? Kwa sababu baada ya saa tano hivi faida ya kuendelea inakuwa ndogo na uharibifu unaongezeka haraka. Ukikimbia kilomita 45 kwenye mazoezi, utahitaji wiki mbili au tatu kurudi sawa, na hizo ni wiki ambazo ungejenga. Ukikimbia 34 Jumamosi na 14 Jumapili, umejifunza karibu yote ambayo 48 za mfululizo zingekufundisha, na Alhamisi unaweza kufanya mazoezi tena. Huwezi kujua kwa hakika. Hakuna anayejua kabla ya mbio zake za kwanza. Ila kuna dalili ninazozitazama mimi: mwisho wa juma la wiki ya 11, uliporudi Jumapili, uliweza kukimbia polepole bila kuchechemea? Ulikula kila nusu saa siku ya Jumamosi bila tumbo kukataa? Kufikia Jumatano uliona miguu imerudi? Ukijibu ndiyo kwa yote matatu, nakuruhusu upange mstari bila wasiwasi.

Kuhusu siku unazokosa: zikikosekana, zimepita. Siku moja au mbili, endelea na ratiba kana kwamba hakuna kilichotokea. Wiki nzima ikikosekana, rudia wiki uliyoifanya kabla ya hapo, usiingie ile inayofuata. Wiki mbili au zaidi, rudi nyuma hatua mbili na ukubali kilele kifupi zaidi, labda 32 badala ya 36. Mtu aliyefika kwenye mstari na mazoezi pungufu kidogo anaweza kumaliza kwa kutembea zaidi. Aliyefika na ufa kwenye mfupa kwa sababu alilipa madeni ya mazoezi hawezi. Ukiwa na homa usikimbie kabisa, hata kama mwongozo umeandika vilima kwa wino mwekundu.

Sasa nataka nikueleze mambo ambayo miongozo mingi inayapitia kwa mstari mmoja, na ambayo kwa macho yangu ndiyo yanayowatoa watu mbioni kuliko upungufu wa kilomita.

La kwanza ni tumbo. Kukimbia kunatumia takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilomita. Mtu wa kilo 60 kwa kilomita 50 anazungumzia kilokalori 3,000, bado hujahesabu milima. Wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini ni kama kilokalori 2,000. Kwenye marathoni unaweza kufika mwisho ghala likiwa linaelekea kuisha, ukavumilia. Hapa haliwezi kufika. Mafuta ya mwili yanasaidia sana, lakini yanatoa nguvu polepole, kwa hiyo lazima uingize wanga njiani: gramu 30 hadi 60 kwa saa. Wanaokula mchanganyiko wa glukosi na fruktosi na kulizoeza tumbo wanaweza kufika 90, kwa kuwa sukari hizo mbili hupita kwenye milango tofauti ya utumbo. Kwa gramu 60 kwa saa, saa nane, unapata kilokalori karibu 1,900. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kutembea kwa nguvu na kukaa juu ya jiwe.

Tatizo ni kwamba mwili ukikimbia unapeleka damu kwenye misuli na ngozi, utumbo unabaki na kidogo. Chakula ambacho ukiwa umekaa kinashuka vizuri, kwenye saa ya tano kinakaa tu, kisha kinarudi. Mbio zangu za kwanza za kilomita 50 miguu ilikuwa mizima. Sikuwa nimekula chochote kwa saa mbili za mwanzo kwa sababu sikusikia njaa, na nilipojaribu kwenye kilomita ya 31 kila kitu kilirudi. Nilitembea kilomita 19 zilizobaki nikiwa natetemeka. Tangu siku hiyo kila ninayemfundisha anaanza kula dakika ya 30, kwa saa, si kwa njaa. Na anafanya hivyo kwenye kila mbio ndefu kuanzia wiki ya kwanza ya mazoezi: gramu 30 kwa saa mwanzoni, akipanda kidogo kidogo hadi 60. Chagua chakula unachokipenda na kinachoshuka haraka, chenye wanga mwingi, mafuta na nyuzi kidogo. Chukua na kitu cha chumvi, kwa sababu baada ya saa nne utamu unachosha ulimi. Uliza waandaaji vituo vitakuwa na nini, ukizoee mapema.

Maji yananitia hofu kwa upande ambao watu hawautarajii. Wengi wanaogopa kukaukiwa, wanakunywa kila wanapoona chupa. Ukinywa zaidi ya unachotoa, sodiamu kwenye damu, yaani madini yaliyomo kwenye chumvi, inashuka, na ikishuka sana ubongo unavimba. Watu wamekufa kwa hilo kwenye mbio ndefu. Vidole vikivimba na pete kubana, kichwa kikauma, kichefuchefu kikaja pamoja na kuchanganyikiwa, usiongeze maji. Nenda kwa wahudumu wa afya. Vidonge vya chumvi havifuti maji ya ziada. Kunywa ukisikia kiu, na jipime uzito kabla na baada ya mbio ndefu chache za mazoezi: kupungua kidogo ni kawaida, kuongezeka ni ishara kwamba unakunywa kupita kiasi.

Hapohapo niongeze: dawa za maumivu za jamii ya ibuprofen ziache nyumbani siku ya mbio. Zinapunguza damu inayofika kwenye figo wakati figo tayari zina kazi ngumu, na zinaongeza hatari ya hiyo sodiamu kushuka. Na baada ya mbio, mkojo ukiwa wa rangi ya kahawia iliyokolea, usisubiri kesho. Hospitali siku hiyohiyo.

La pili ni kushuka. Kila mtu anaogopa kupanda, na kupanda kweli kunachosha, ila kunachosha pumzi, na pumzi inarudi. Kushuka kunararua mapaja. Unaposhuka, msuli wa mbele wa paja unafanya kazi ya breki: unajikaza huku unarefushwa, na ndani yake nyuzi ndogo zinachanika. Mbio ya Comrades ya Afrika Kusini, ambayo imekuwepo tangu 1921, hubadilisha mwelekeo kati ya Durban na Pietermaritzburg, mwaka mmoja kupanda, unaofuata kushuka, na wakimbiaji wengi watakuambia mwaka wa kushuka ndio unaowaacha hawawezi ngazi kwa siku kadhaa. Mbio ya Western States ya California ina kilomita 160, na mteremko wake wa jumla, kama mita 7,000, unazidi mpando wake wa mita 5,500 hivi. Wanaoijua hufundisha mapaja kabla ya kufundisha kitu kingine.

Habari njema ni kwamba msuli ukichanika kidogo na kupona, mara inayofuata hauumii sana kama mwanzo kwa mteremko uleule, na kinga hiyo hudumu wiki kadhaa. Kwa hiyo siku yako ya vilima usipande kwa kasi na kushuka ukitembea kama wengi wafanyavyo. Panda kwa kutembea kwa nguvu, shuka kwa kukimbia: hatua fupi, za haraka, mwili usirudi nyuma. Anza na kushuka kwa dakika 10 kwa jumla, fika 30 au 40. Mteremko mzito wa mwisho uufanye wiki tatu kabla ya mbio, si karibu zaidi. Kama unaishi kwenye tambarare, ngazi za jengo refu zinafaa.

La tatu ni kutembea, na hapa nitafanya hesabu nawe. Saa 10 kwa kilomita 50 ni kilomita 5 kwa saa. Hiyo ni kasi ya mtu anayetembea haraka kwenye tambarare. Mlimani huwezi kuishika, kwa hiyo utakimbia kwenye tambarare na kwenye kushuka ili ulipie ulichopoteza kwenye kupanda. Kwa muda wako wa marathoni, ambao ni kama dakika 6 na sekunde 10 kwa kilomita, na kwa mpando wa mita 1,800, nakukadiria saa 7 na nusu hadi 8 na nusu. Una nafasi, lakini si ya kuichezea. Vituo sita ukikaa dakika 10 kila kimoja, umetoa saa nzima. Ingia ukijua unachotaka: jaza chupa, chukua chakula, ondoka ukila huku unatembea.

Sasa kutembea kwenyewe kunafundishwa. Wakimbiaji wa barabara huona kutembea ni aibu, hawatembei hadi miguu inawalazimisha, na hapo wanatembea kwa kujiburuza. Wewe tembea mapema, kilima cha kwanza kabisa, wakati bado unajisikia unaweza kukikimbia. Watakupita watu. Waache. Kwenye milima mikali hata wanaoshinda hutembea, na anayepanda kwa mikono iliyosukuma magoti anamshinda anayekimbia mpando kwa hatua za sentimita thelathini. Katika kila mbio ndefu weka angalau dakika 30 za kutembea kwa kasi mlimani. Misuli inayotumika si ileile, na vigimbi vyako vitakuambia.

Miguu yenyewe, yaani nyayo, nitaisema kwa ufupi kwa sababu dawa yake ni fupi. Kiatu kiwe na nafasi ya kidole gumba mbele, maana miguu inavimba na kwenye kushuka kucha zinagonga. Kata kucha siku tatu kabla. Paka mafuta ya mgando katikati ya vidole na popote ngozi inaposuguana, hata chini ya sidiria na kwenye mikanda ya mkoba. Ukisikia joto sehemu moja ya unyayo, simama dakika hiyohiyo uibandike plasta. Ukingoja kituo kinachofuata tayari ni lengelenge. Hakuna kitu kipya siku ya mbio: kiatu, soksi, mkoba, jeli. Soma orodha ya vifaa vya lazima vya waandaaji, uvibebe vyote kwenye mbio mbili au tatu za mazoezi ili ujue uzito wake.

Maumivu yatakuja, na unahitaji kuyatofautisha. Uchovu wa misuli upo pande zote mbili, unapungua ukipasha mwili joto. Maumivu ya sehemu moja, unayoweza kuigusa kwa ncha ya kidole juu ya mfupa, yanayoongezeka kadiri unavyokimbia au yanayobadilisha mwendo wako, hayo simama na umwone daktari. Na kwa kuwa wewe ni mwanamke unayeongeza mazoezi huku ukiwa na siku zilizojaa: hedhi ikianza kuruka au kukoma, chukulia kwamba chakula hakitoshi mazoezi. Ongeza chakula na zungumza na daktari mapema, kabla mifupa haijalipa.

Wiki tatu za mwisho, punguza kilomita hadi kama robo tatu, kisha nusu, kisha vimbio vitatu vya nusu saa tu wiki ya mbio. Utajisikia mzito, utahisi goti ambalo halikuwahi kuuma. Ni kawaida ya kipindi hiki. Usiongeze kitu. Lala.

Siku yenyewe, kilomita 10 za kwanza kimbia polepole kiasi kwamba unaona haya. Ukifika nusu na bado unaweza kuzungumza, umefanya vizuri. Kati ya kilomita 35 na 42 utafikia mahali ambapo kila kitu kinakuambia uache. Kabla hujaamua, kula, kunywa kidogo kama una kiu, tembea dakika 15. Mara nyingi ile hali ni njaa iliyovaa sura ya kukata tamaa, na inapita.

Kwa juma hili, acha mwongozo kidogo. Jumamosi toka kwa saa mbili na nusu, mahali penye kilima, ukiwa na chakula cha gramu 30 kwa saa na saa inayolia kila nusu saa. Tembea kila mpando. Ukirudi, andika ulikula nini, tumbo lilisemaje, na Jumatatu mapaja yakoje. Karatasi hiyo iweke ndani ya mwongozo, kwenye ukurasa wa wiki ya 5, kisha Jumanne anza.